Kiini cha deki: kwa nini mbao hazifungwi kwenye boti ya faiba kama kwenye jahazi

Fundi aliyelelewa na majahazi anaujua ukweli mmoja wa mbao: zikilowa, huvimba. Zinaubana msumari, zinaikaza pamba ya kalafati inayoziba nafasi kati ya mbao, na chombo kilichovuja siku ya kushushwa hutulia baada ya siku chache majini. Fundi huyohuyo akiitwa kufunga reli ya kushikia ya msaji kwenye boti ya faiba, hutoboa, hupiga skrubu, huondoka. Lakini faiba haivimbi. Tundu la leo litabaki na upana uleule miaka yote, na maji hayachoki kulitafuta.

Yanachokitafuta ni kiini. Deki, yaani sitaha, ya boti ya faiba, hasa boti kubwa kiasi, mara nyingi ni maganda mawili, la juu na la chini, na katikati yake kitu chepesi kilichoshikana nayo kwa resini, gundi ya majimaji inayogeuka ngumu: balsa (mbao nyepesi sana), povu gumu au plaiwudi. Hicho ndicho kiini cha deki. Kinayatenganisha maganda ili deki isibonyee chini ya mguu, bila kuongeza uzito. Balsa huwekwa nyuzi zikiwa zimesimama wima, kwa hiyo maji hayakimbilii kando upesi. Ila yakishaingia hutambaa polepole, na kutoka ni shida.

Niliwahi kufungua reli ya namna hiyo. Skrubu ya tatu ilitoka kwa vidole, ikafuatwa na maji ya rangi ya chai. Nilipochokoa ndani, balsa ilikuwa kama machicha ya nazi, na huku juu deki inang'aa, haina hata ufa. Tangu hapo sifungi kitu kabla ya kugonga kwa mpini wa bisibisi: palipo pazima hulia kavu, palipooza hulia kama unagonga gunia.

Njia ninayoiamini ni kuhakikisha bolti haikigusi kiini kabisa. Kwa bolti ya milimita 6, toboa tundu la milimita 12. Pinda msumari mdogo, ufunge kwenye drili, uchokoe kiini kidogo pembeni, kati ya ganda na ganda. Ziba chini kwa tepu. Pakaza epoksi (aina ya resini) nyepesi ili kingo za balsa zinywe, kisha jaza epoksi iliyokorogwa na unga wa silika hadi iwe nzito kama siagi ya karanga. Iache siku nzima. Ndipo utoboe upya, milimita 6, katikati ya epoksi. Sasa gundi ya kuzibia chini ya reli ikija kuchoka, maji yatadondokea chini utayaona, na kiini kitabaki kikavu. Tena ukikaza nati, epoksi ndiyo inayobeba mbano. Balsa tupu ingebonyea.

Skrubu tupu siikubali kwenye reli ya kushikia. Meno yake yanashika ganda la milimita chache tu, na siku ya mawimbi reli hiyo inavutwa na uzito wote wa mtu anayeteleza. Tumia bolti ya chuma kisichoshika kutu, na chini ya deki weka bamba pana au washa kubwa. Boti ndogo za uvuvi ambazo faiba yake ni nzito tupu, bila kiini, hazihitaji epoksi ya tunduni, lakini bamba zinalihitaji vilevile.

Gundi ya kuzibia iwe inayonyumbulika, maana mbao itaendelea kuvimba na kusinyaa juu ya faiba isiyosogea. Msaji una mafuta. Ufute kwa asetoni kwanza. Silikoni naikataa, kwa sababu huacha utando ambao rangi na epoksi havishiki tena. Panua kidogo mdomo wa tundu ili gundi ifanye pete kuizunguka bolti. Kaza taratibu mpaka gundi ichomoze pembeni, iache ikauke, halafu malizia kwa kuzungusha nati chini, na kichwa cha bolti kisizunguke hata kidogo.