Si kila vita vyenye mgeni ni vya wakala

Vita vya wakala ni vita ambavyo taifa la nje linatoa silaha, fedha, mafunzo au kambi, lakini wanaopigana na kufa ni watu wengine. Basi. Likishapeleka wanajeshi wake chini ya amri yake, limeingia vitani lenyewe.

Hapa Moshi, kila Vita vya Kagera vya 1978–79 kati ya Tanzania na Uganda vinapotajwa, hakosekani mtu wa kusema vilikuwa vya wakala, eti kwa kuwa Gaddafi alimsaidia Idi Amin. Hapana. Gaddafi alileta askari wa Libya. Machi 1979 walipigana na jeshi letu, JWTZ, kule Lukaya nchini Uganda, na wengi wao wakafia Uganda. Sisi nasi hatukumtuma mtu atupiganie: vijana wetu ndio walioingia Kampala tarehe 11 Aprili, pamoja na wapiganaji wa Kiganda waliokuwa uhamishoni, ambao viongozi wao walikuwa wamekutana hapa hapa Moshi wiki chache kabla kuandaa serikali ya baada ya Amin.

Anayetafuta wakala kati ya Tanzania na Uganda arudi Septemba 1972. Wafuasi wa Obote, rais wa Uganda aliyepinduliwa na Amin, walivuka mpaka kutokea Tanzania, kwa msaada wa Tanzania, wakashindwa vibaya. Oktoba yakafuata makubaliano ya Mogadishu, na kila upande ukaahidi kutowasaidia wapinzani wa mwenzake. Ugomvi ukatulizwa mezani. Baada ya 1979 haikuwezekana kujitoa kirahisi hivyo: askari wetu walibaki Uganda hadi 1981, na gharama ya vita ikaukaba uchumi wetu.

Mahakamani tofauti hii ni nzito zaidi. Mwaka 1986 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamua kwamba Marekani ilivunja sheria kwa kuwapa silaha na mafunzo waasi wa Contra nchini Nicaragua, lakini haikuibebesha maovu yote ya waasi hao. Uganda ilipeleka jeshi lake Kongo, ikaikalia Ituri, na mahakama hiyo hiyo mwaka 2005 ikaiwajibisha hata kwa kushindwa kuyazuia makundi mengine yaliyoua watu huko. Mwaka 2022 ikaamriwa kulipa dola milioni 325.

Kwa hiyo, ndugu zangu, kuhusu Kagera tuseme Libya iliingia vitani upande wa Amin, na "wakala" tuliweke kwenye 1972.