Tapeli anaiwahi akili yako kabla hujaanza kufikiri

Nianze na hesabu ya mgahawani. Supu na chapati jumla ni elfu nne, supu imeizidi chapati kwa elfu tatu, chapati ni shilingi ngapi? Najua jibu lishakuja, elfu moja, na limekuja lenyewe hata hujalitafuta. Sasa chapati ikiwa 1,000 basi supu ni 4,000 na jumla inakuwa 5,000, kwahiyo chapati ni 500 na supu 3,500. Hesabu yenyewe mtoto wa shule anaiweza, tatizo ni lile jibu lililowahi kufika.

Mtafiti wa Marekani, Shane Frederick, alitoa utafiti mwaka 2005 wa maswali matatu ya namna hii, waliojibu walikuwa watu 3,428 wengi wao wanafunzi wa vyuo, na waliopata yote matatu ni asilimia 17 tu, asilimia 33 hawakupata hata moja. Ndo maana kwenye mafunzo yetu ya elimu ya fedha sikubali kabisa mtu aliyetapeliwa aitwe mjinga.

Kwenye saikolojia tunaongelea fikra za haraka na fikra za taratibu, na aliyefanya zijulikane sana ni Daniel Kahneman aliyepata Nobel ya uchumi 2002. Msidhani ni vyumba viwili kichwani, ni namna mbili tu za akili kufanya kazi. Ya haraka ndo inakufanya umjue mama yako kwenye simu akisema haloo tu, ndo inamfanya bodaboda akanyage breki kabla hata hajajua kaona nini, bila hiyo hatuishi. Ya taratibu inahesabu, inalinganisha, inarudia kuuliza, ila inachosha, yaani mwaka 1966 Kahneman na Jackson Beatty walionyesha kwamba mtu akishikilia namba nyingi kichwani mpaka mboni ya jicho inatanuka. Sasa kwasababu inachosha tunaikwepa, na ile ya haraka ikileta jibu linaloeleweka, hii ya taratibu mara nyingi inagonga muhuri tu.

Tapeli anaishi humo humo.

Dada mmoja muuza vitenge aliyekuja kwenye mafunzo yetu alipigiwa simu saa nne asubuhi, mteja yuko mbele yake, kitenge kipo mkononi anakikunja, anaambiwa mwanao kaanguka shuleni tuko hospitali, tuma laki na themanini ya kipimo sasa hivi na usikate simu. Liangalie vizuri hilo neno usikate simu, maana akikata tu atampigia mwalimu na mchezo umeisha. Akatuma. Anasema alikuwa anabonyeza namba ya siri vidole vinatetemeka, na lile jina linalotokea kabla ya kuthibitisha muamala aliliona kabisa, halikuwa la mwalimu, akajiambia labda ni la nesi.

Hapo kwenye "labda ni la nesi" ndo huwa natumia muda mrefu zaidi darasani. Akili ya taratibu iliamka pale, ila badala ya kuhoji ikawa wakili wa ile ya haraka, ikaitafutia sababu. Kwahiyo kumwambia mtu "uwe unafikiri kwanza" naona kunasaidia kidogo sana, maana dakika ile yeye anaamini kabisa kwamba anafikiri.

Kinachosaidia ni kuamua mapema ukiwa umetulia. Mkubaliane nyumbani kwamba hela yoyote ya dharura inatoka baada ya kukata simu na kupiga namba uliyokuwa nayo siku zote, sio ile iliyokupigia, na hata kama ni kweli mtoto anaumwa hizo dakika mbili hospitali haimfukuzi. Namba ya tapeli kwa Tanzania itume kwenda 15040.

Yule dada saa hizi namba ya mwalimu wa darasa kaiandika kwa maka pen ukutani pembeni ya kioo cha wateja, alafu yeye na mwanae wana swali lao moja, mbuzi wa bibi anaitwa nani. Simu ya namna ile ilikuja tena, mtu anasema niko na mtoto wako hapa, akamwambia mpe mtoto simu aniambie jina la mbuzi. Ikakatwa hapo hapo.