Jani Likilainika, Weka Kopo Chini

Ukinitumia picha ya alovera yenye majani yaliyolegea ukauliza "niimwagie kiasi gani?", nitachelewa kukujibu. Si dharau. Nakuwa kwanza najituliza.

Wiki hii mmekuwa wanne. Wa mwisho alikuja mwenyewe kitaluni kwangu Nyegezi, Mwanza, mama mtu mzima, amepakata chungu cha saruji kama mtoto mwenye homa. Shikamoo, marahaba, kisha: "Mwanangu, hili ua lina kiu hata nikilinywesha kila siku." Nilipokipokea kile chungu mkono ulishuka kwa uzito. Mlikuwa na maji ya kufulia soksi.

Tuelewane basi. Jani la sakulenti, yaani mimea ya majani manene kama alovera, ni ghala la maji, na ghala hilo huharibika kwa namna mbili ambazo kidole kikibonyeza kitaziita zote "laini". Jani lenye kiu limepungua: jembamba, lina mikunjo, ukilipinda linapindika kama ngozi ya mkoba, na rangi yake bado ni ya jani. Jani lililozidiwa maji limevimba mpaka seli zake zimepasuka. Linang'aa kama limechemshwa, limegeuka manjano au kahawia, ukiligusa linabanduka bila ubishi, ndani mlenda mtupu. La kwanza likinywa hujaa tena baada ya siku chache. La pili haliponi, usilisubiri. Jani moja moja la chini kabisa linalokauka kama karatasi ni uzee tu. Livute, endelea na shughuli zako.

Ingeishia hapo ningekuwa mpole. Kinachoangusha watu ni hali ya tatu: jani lina mikunjo ya kiu, na udongo umelowa. Maji yapo, mmea hauyafikii, kwa sababu mizizi imeoza. Mizizi nayo huvuta hewa. Udongo ukishinda umejaa maji, hewa inakwisha, mizizi inakufa, na vimelea vya unyevu vinakuja kumalizia. Mmea unakufa kwa kiu umesimama kwenye matope. Mwenyewe anaona mikunjo, anaongeza kopo, mikunjo inazidi, anaongeza jingine. Ndiyo maana swali langu la kwanza halihusu jani. Nauliza udongo wa chini ukoje. Wa juu hauna maana, huo upepo wa ziwa unaukausha asubuhi moja. Chomeka kijiti cha mshikaki mpaka kitakoni, kiache dakika kumi, kichomoe. Kikitoka kimenata udongo, kopo liweke chini.

Sasa kokoto. Naombeni mnisikilize kuhusu kokoto.

Yule mama aliniambia kwa kujiamini kabisa: "Lakini nimeweka kokoto chini, maji yanashuka." Kila mtu ameweka kokoto chini. Nadhani tunazaliwa tukijua. Nenda jikoni, chukua sifongo la kuoshea vyombo, liloweshe lishibe, kisha lishike likiwa limelala bapa. Litadondosha maji, halafu litaacha. Hapo lisimamishe wima: linaanza kudondosha tena, na hakuna aliyeongeza hata tone. Udongo ndani ya chungu hufanya vivyo hivyo. Maji yakimaliza kushuka, tabaka la chini hubaki limeshiba, na unene wa tabaka hilo unategemea udongo wenyewe, si kina cha chungu. Ukitanguliza kokoto, maji hayarukii humo, kwa sababu matundu madogo ya udongo huyashikilia kwa nguvu kuliko nafasi kubwa za mawe. Yanangoja mpaka udongo wa juu yake ushibe ndipo yadondoke. Kwa hiyo dimbwi halikuondoka. Umelipandisha ghorofani, karibu zaidi na mizizi, na udongo umeupunguza kimo kama lile sifongo ulipolilaza.

Mawe yachanganye ndani ya udongo. Hapa Mwanza jiji zima limekaa juu ya mawe, hatuna kisingizio: ule mchanga mnene unaokusanyika chini ya miamba mvua ikinyesha ni dawa tosha. Uchekeche, vumbi litoke, uoshe. Mimi huweka sehemu mbili za mchanga huo, moja ya mboji iliyoiva, moja ya pumba za mpunga zilizochomwa. Mchanga mlaini wa ufukweni uacheni ufukweni. Ziwa letu ni la maji baridi, si suala la chumvi, ila ule ulaini wake unaziba kila tundu la hewa.

Matibabu ni mafupi. Ng'oa, kung'uta udongo wote, kata mizizi iliyooza, endelea kukata shina kwenda juu mpaka uone nyama safi isiyo na doa la kahawia. Futa kisu kwa spiriti kila unapokata. Acha jeraha likauke kivulini siku kadhaa, panda kwenye udongo mkavu, ngoja kama wiki ndipo umwagilie. Mimi hupaka mkaa wa kusaga kwenye jeraha. Nakiri sijawahi kuupima dhidi ya jeraha lisilopakwa. Huenda kinachoponya ni kule kungoja, na mkaa unanipa tu kazi ya kufanya. Na tafadhali, jani la alovera ukilichomeka ardhini litaoza. Sakulenti nyingine kama ekeveria na krasula huota kwa jani. Alovera chukua vichipukizi vyake vya pembeni.

Kosa langu sasa. Kwa miaka niliwaambia wateja "mara moja kwa wiki", nami nikijua ni uvivu wa kueleza. Alovera iliyo barazani mwezi wa saba, jua na upepo, wiki inaiweza. Ileile ukiiweka juu ya kabati la televisheni, pazia limefungwa, masika ya mwezi wa nne, hiyo wiki ni hukumu ya kifo. Mwanga mdogo, unywaji mdogo. Tena mimea hii hufungua matundu yake ya hewa usiku, haipotezi maji ovyo mchana, kwa hiyo haina haraka kama wewe. Mwagilia mpaka maji yatoke chini, mwaga ya kwenye kisahani, kisha subiri ukavu ufike kitakoni. Na hakikisha hiyo "chini" ipo: vyungu vingi vya saruji tundu lake limezibwa na rangi. Cha yule mama kilizibwa, nimekitoboa kwa msumari.

Ua lake tulilikata shina juu ya uozo, kichwa kimelala kwenye rafu, leo siku ya sita. Ameshapiga simu mara mbili kuuliza kama nimekinywesha.