Mkaguzi wa Zimamoto anakuja hotelini: yanayoaminika Kigoma na ukweli wake

“Paka rangi, panga mitungi, tumemaliza.”

Habari za ukaguzi zikifika, cha kwanza kutafutwa huwa ndoo ya rangi. Rangi yenyewe haina ubaya, ila brashi ikipita juu ya kitambua moshi cha darini, vitundu vya kuingizia moshi vinaziba na kifaa kinabaki pambo. Mkaguzi wa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji haji kutazama tu. Atabonyeza kitufe, atasukuma mlango, atataka umeme uzimwe aone kama taa za dharura zinawaka. Basi yajaribu hayo mwenyewe kabla yake, chumba kwa chumba. Taa za dharura ziache ziwake saa nzima: nyingi huwaka vizuri dakika tano za mwanzo, kisha betri iliyochoka inakata. Vitambua moshi navyo vina umri, hata kama vinalia. Geuza kifaa usome tarehe mgongoni. Kikifikisha miaka 10, kibadilishe.

“Mtungi wa kuzimia moto una stika ya mwaka huu, hauna shida.”

Stika inaeleza mtungi ulikaguliwa lini, haielezi una nini leo. Angalia mshale wa geji uwe kwenye kijani, pini iwepo na lakiri yake isiwe imekatika. Kisha chungulia mdomo wa mpira, hasa mitungi ya korido za nje, maana nyigu hupenda kuujaza udongo wa viota vyao. Mtungi wa kabonidayoksaidi hauna geji kabisa. Huo hupimwa kwa mizani, na ukipoteza zaidi ya asilimia 10 ya gesi yake, urudishwe kujazwa.

Kuna pia tabia ya kubonyeza mtungi wa unga kidogo tu “kuona kama unafanya kazi”. Chembe za unga hubaki kwenye vali, vali haifungi sawasawa, na presha inavuja polepole. Ukishabonyezwa, hata sekunde moja, ni wa kujazwa upya.

“Breka ikikatikakatika, funga kubwa zaidi.”

Katika yote, hili ndilo la kuogopa zaidi, na rangi mpya hulificha vizuri sana. Shawa ya umeme ya wati 5,500 kwenye volti 230 huvuta karibu ampea 24. Nyumba nyingi zilitandazwa waya wa milimita za mraba 2.5 kabla mwenye nyumba hajawaza shawa za namna hiyo. Breka ya ampea 20 ikikatika kila mgeni anapooga, fundi anaambiwa aweke ya 40. Malalamiko yanakwisha, lakini sasa waya unaweza kuchemka bila kitu cha kuukatia umeme: ganda linakauka, linapasuka, na mbao za dari ziko palepale.

Shawa inataka njia yake peke yake kutoka kwenye boksi: waya wa 6, breka ya 32, na kinga ya kuvuja umeme ya miliampea 30. Mwite fundi mwenye leseni ya EWURA (mamlaka ya kudhibiti huduma za nishati na maji) azime meini swichi, afungue boksi, asome namba ya kila breka na kuilinganisha na unene wa waya wake. Plagi iliyogeuka kahawia au inayonuka plastiki haihitaji kipimo kingine, itolewe. Na kama kuna jenereta, lazima iwe na swichi ya kubadilishia. Bila hiyo, umeme wako unaweza kurudi kwenye laini ya TANESCO na kumuua aliye juu ya nguzo.

“Mlango wa dharura bila kufuli ni kukaribisha wezi.”

Mlango unaweza kufungika kwa nje na bado ukafunguka kwa ndani kwa kusukuma nondo yake tu, bila ufunguo. Habari ya “ufunguo uko mapokezi” haimsaidii mgeni aliye ghorofani saa nane usiku, korido imejaa moshi. Kama madirisha yana nondo, walau moja kwenye kila chumba liwe na kigeti kinachofunguka kwa ndani. Ngazi isigeuzwe stoo. Magodoro ya sponji yakiungua hutoa moshi wa sumu, na ngazi inaupeleka juu kama bomba.

“Moto wa jikoni, mwagia maji.”

Mkoa huu migebuka hukaangwa kwa mawese, kwa hiyo hili liwekwe wazi. Mafuta yaliyoshika moto yana joto la zaidi ya nyuzi 300. Maji huzama chini yake, yanageuka mvuke papo hapo (lita moja hutanuka kufikia karibu lita 1,700), na mafuta yanayowaka yanarushwa hadi darini. Mtungi wa unga hupiga moto chini, lakini mafuta bado ni ya moto, huweza kuwaka tena. Zima jiko, funika kwa blanketi la kuzimia moto, na usifunue hadi chungu kipoe. Blanketi hilo litundikwe karibu na mlango, siyo juu ya jiko. Mitungi ya gesi ikae nje, imesimama wima; viungo vya mpira vipakwe povu la sabuni kutafuta mahali panapovuja, siyo kiberiti.

“Sisi ni gesti ndogo, hatuhusiki.”

Sheria ya mwaka 2007 ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji haikuandikwa kwa maghorofa peke yake. Cheti cha Zimamoto pia hakiondoi ukaguzi wa OSHA (wakala wa usalama na afya mahali pa kazi), unaohusu wafanyakazi wako.

Daftari la wageni nalo ni kifaa cha usalama. Mpokeaji akitoka nalo hadi eneo la kukusanyika, ndilo la kuhesabia watu. Mgeni aliyekwenda kulala Gombe na kuacha mizigo chumbani aandikwe hayupo, asije zimamoto akaingizwa ndani ya moto kumtafuta.