Jumanne ya Merille: Ninavyolisoma Soko la Mifugo Ukingoni mwa Jangwa

Anayetaka kulielewa soko la Merille, kaskazini mwa Kenya, asifike saa nne asubuhi. Saa nne utaona vumbi, shuka nyekundu, watu na mbuzi, utapiga picha zako na kurudi zako Isiolo ukidhani umeona soko. Fika Jumatatu jioni, ulale hapo, na alfajiri usimame kando ya laga, yaani ule mto wa mchanga usiokuwa na maji ila mvua ikinyesha. Utasikia miluzi kabla hujaona mtu. Kisha mbuzi watajitokeza gizani, kundi kwa kundi, na nyuma yao vijana waliotembea usiku kucha, pengine usiku wa pili au wa tatu, fimbo zimelala mabegani na mikono imening'inia juu ya fimbo.

Mimi ni daktari wa mifugo. Merille nilianza kwenda kuchukua damu za ngamia, kutafuta vimelea vya surra, ugonjwa unaoenezwa na nzi wanaouma. Nikiwa napanga chupa zangu nilianza kutazama jinsi watu wanavyonunua na kuuza, na polepole nikagundua kwamba soko linaniambia hali ya malisho mapema kuliko maabara.

Mji wenyewe ni mdogo. Uko kwenye barabara kuu ya Isiolo kwenda Moyale, mpakani mwa kaunti za Samburu na Marsabit, kama kilomita 136 kutoka Isiolo. Unapita Archers Post penye mto Ewaso Ng'iro, unaupita mlima Ololokwe uliosimama kama ukuta, kisha Sereolipi. Ukiendelea mbele ya Merille unafika Laisamis, na baada ya hapo nchi inatandaza kuwa jangwa la Kaisut, mawe meusi na mchanga, mpaka Marsabit mlimani. Zamani njia hiyo ilikuwa ya changarawe yenye mabonde ya kuvunja springi, na malori yalisafiri kwa msafara huku yakisindikizwa na polisi. Lami ilipojengwa haikuja yote kwa pamoja. Kipande cha kutoka Isiolo kilifika mto Merille kwanza, kikakoma hapo kwa miaka kadhaa kabla ya kuendelezwa hadi Marsabit na Moyale. Naamini kwa dhati kwamba soko hili lilikua kwa sababu ya mwisho huo wa lami. Lori la Nairobi lilifika hapo bila kuvunjika, na mbuzi wa Warendile na Wasamburu, wafugaji wa huku, walifika hapo kwa miguu. Walikutana.

Sasa tuingie sokoni, na kitu cha kwanza cha kusoma ni nani amekuja na mnyama gani. Ng'ombe anataka maji kila baada ya siku mbili au tatu. Mbuzi na kondoo wanaweza kuvumilia kidogo zaidi. Ngamia anaweza kukaa siku kumi na kuendelea, na akifika kisimani anakunywa zaidi ya lita 100 kwa dakika chache. Kwa hiyo ukiona ng'ombe wengi, ujue maji bado yapo karibu. Ukiona ng'ombe wamekwisha na ngamia wameanza kuletwa, tena ngamia jike, moyo wako ushtuke. Hakuna Mrendile anayemleta ngamia jike sokoni kwa furaha. Ngamia hubeba mimba kama miezi 13, na mara nyingi hupita miaka miwili kabla hajazaa tena. Nirigi, yaani mtoto wa ngamia, akiwa wa kike atazaa akiwa na miaka mitano hivi. Mbuzi hubeba mimba miezi mitano tu. Ndiyo maana mbuzi ndiye pesa ya mkononi: karo, dawa, unga, nauli. Ngamia ni ukoo.

Ni ukoo kwelikweli. Katika zizi la Mrendile unaweza kuhesabu ngamia ishirini na kumbe wengine si mali yake. Kuna utaratibu unaoitwa *maal*: mtu humpa mwenzake ngamia jike amtunze. Mtunzaji anakunywa maziwa na madume yanayozaliwa ni yake, lakini majike yanaendelea kuhesabiwa upande wa mwenye asili, kizazi baada ya kizazi. Ngamia mmoja anaweza kuwa na historia ndefu kuliko umri wa yule kijana anayemshika kamba. Nikiwasikia wataalamu wenzangu wakisema wafugaji "wanakataa kuuza", natamani wangeuliza kwanza kama mnyama huyo ni wa kuuzwa.

Hapa ndipo anapoingia dalali, na hapa ndipo wageni wengi wanapokosea. Tumezoea kumsema vibaya: anakula kati, hafugi, hanunui, anaongea tu. Wapo matapeli, sikatai. Lakini mtazame kazini. Mnunuzi ametoka Nairobi na pesa za watu, hajui lugha, hajui ukoo, hajui alama iliyochomwa shavuni mwa ngamia ni ya nani. Akinunua mnyama wa wizi, lori litasimamishwa njiani, na katika nchi hii mnyama wa wizi anaweza kuleta maiti. Anayesimama katikati na kusema "huyu namjua, na babake namjua" ni dalali. Kesho mwenye mali akitokea, anayeulizwa kwanza ni yeye. Ujira wake mkubwa ni malipo ya dhamana hiyo, na bei ni sehemu ndogo tu ya anachokiuza. Katika masoko ya Wasomali, huko Garissa kwa mfano, utawaona madalali wakishikana mikono chini ya kitambaa, wakipatana bei kwa kubonyezana vidole ili waliosimama pembeni wasijue. Wageni hufurahia kuitazama kama mchezo, lakini ndivyo heshima ya muuzaji inavyolindwa: akikataa, hakuna atakayejua alikataa ngapi.

Mizani huku si kitu cha kawaida. Mnyama hupimwa kwa jicho na kwa mkono, na mimi nawaambia vijana wanaoanza kazi yetu wajifunze kwa wachuuzi wa mbuzi kabla ya kufungua vitabu. Mchuuzi anaweka kiganja kiunoni, nyuma ya mbavu za mwisho, anabonyeza. Mifupa ikimchoma vidole kama meno ya msumeno, mnyama amekwisha. Ikiwa imefunikwa na nyama, uso wake haubadiliki, kwa sababu akitabasamu bei inapanda. Kisha anafungua mdomo. Mbuzi hana meno ya mbele juu. Chini anayo manane. Akiwa mdogo yote ni ya maziwa, membamba. Akipata mawili mapana katikati amepita mwaka hivi, na kila mwaka hujibadilisha jozi nyingine mpaka kinywa kijae, karibu miaka minne. Mimi huongeza kitu kimoja: navuta kope ya chini. Ikiwa nyekundu, vizuri. Ikiwa nyeupe kama karatasi, minyoo imemnyonya damu, na hata akiwa mnene usimchanganye na kundi lako bila dawa. Pua yenye kamasi na kikohozi usizichukulie kwa wepesi. Homa ya mapafu ya mbuzi husafiri na lori, na soko ndilo mahali pazuri zaidi pa kuikuta na kuipeleka mbali. Wakati karantini inapotangazwa soko hufungwa, na hapo unaona mji ulivyo: hoteli haina chapati, duka halina mteja, bodaboda zimelala kivulini.

Sasa bei. Hili ndilo ninalotaka kulieleza vizuri kuliko yote.

Mgeni huuliza mbuzi ni shilingi ngapi. Mfugaji haulizi hivyo moyoni mwake. Yeye anauliza mbuzi ni unga kilo ngapi. Mamlaka ya Taifa ya Kudhibiti Ukame, katika taarifa zake za kila mwezi kwa kila kaunti kame, hupima jambo hilohilo: mbuzi mmoja anaweza kununua mahindi kilo ngapi. Ni kipimo kizuri kwa sababu ukame humpiga mfugaji kwa mikono miwili. Mnyama amekonda, kwa hiyo bei yake inashuka. Unga unatoka mbali na kila mtu anautaka, kwa hiyo bei yake inapanda. Shilingi inaweza kuonekana imeshuka kidogo tu, kumbe mbuzi amepungua nusu kwa kilo za unga.

Na kuna jambo la miguu. Aliyeswaga mbuzi wake siku mbili kuja Merille hana uwezo wa kuwarudisha. Kila kilomita imekula nyama, na njiani hakuna maji. Mnunuzi anajua. Ndiyo maana bei ya saa mbili asubuhi si bei ya saa nane mchana. Jua likishapita utosi, anayesubiri ni mnunuzi na anayetokwa jasho ni muuzaji. Ukija na mbuzi wanono baada ya mvua, wewe ndiye unayeweza kusubiri. Idd ya kuchinja ikikaribia pia, mambo hubadilika, wachuuzi hugombania madume na kondoo wale wa kichwa cheusi, na uso wa muuzaji hupata nuru.

Miaka ya nyuma, kwenye mkutano chini ya mgunga, nilisimama kuwahimiza wazee wauze mapema, kabla ukame haujakaza. Nilikuwa na hesabu zangu kwenye daftari. Mzee mmoja alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kwa upole, "Daktari, mshahara wako unaingia kila mwezi?" Nikasema ndiyo. "Ukiniuzia huo mshahara wote leo, mwezi ujao watoto wako watakula nini?" Watu hawakucheka. Walikuwa wanangoja jibu, nami sikuwa nalo. Nililala na swali hilo Laisamis, na bado ninalo.

Hesabu yake ilikuwa sahihi kwa dunia aliyozaliwa. Ukame ulikuwa unakuja, unaua, unaondoka, na aliyebaki na majike wengi ndiye aliyeinuka kwanza. Kilichoharibu hesabu hiyo ni mvua zilizokosekana misimu mitano mfululizo kuanzia mwishoni mwa 2020. Vuli, masika, vuli, masika, vuli. Kenya ilipoteza mifugo zaidi ya milioni 2. Nilipita Merille wakati huo. Mizoga ilikuwa kando ya lami, na sokoni kulikuwa na wauzaji bila wanunuzi, kwa sababu mnyama asiyeweza kusimama ndani ya lori hawezi kufika Nairobi. Mzee mwenye majike mia na mzee mwenye majike kumi walikaa kivuli kimoja, sawa kwa sawa.

Bima ya mifugo ilianzia hukuhuku Marsabit, Januari 2010, ikiongozwa na taasisi ya utafiti wa mifugo ya ILRI. Haihesabu mizoga. Setilaiti hutazama ukijani wa malisho kutoka juu, na ukishuka chini ya kiwango, waliokata bima hulipwa. Naipenda kwa sababu inajibu sehemu ya swali la yule mzee: inaweka kitu mkononi bila kumgusa jike. Lakini haiwezi kuchukua nafasi ya soko lililo karibu, lenye maji, kivuli na mahali pa kupakilia lori bila kuvunja miguu ya wanyama. Ningepewa fedha leo, ningechimba kisima na kuweka birika la kunyweshea kwenye kila njia ya kuja Merille. Mbuzi aliyekunywa njiani anampa mwenyewe nguvu ya kukataa bei mbaya.

Kwa anayetaka kwenda: beba maji mengi kuliko unavyodhani, na kofia. Salimia kabla ya kuuliza. Usimpige mtu picha, wala ngamia wake, bila ruhusa. Usimhesabu mnyama wa mtu kwa kidole. Usiulize mtu ana ngamia wangapi. Ni kama kumwuliza mwenzako benki ana kiasi gani, na hapa ni vibaya zaidi. Ukikaribishwa chai ya maziwa ya ngamia, ipokee kwa mkono wa kulia, inywe. Ina ladha ya moshi kwa sababu vyombo hufukizwa ili maziwa yasiharibike. Ukipata nyirinyiri, nyama iliyokatwa vipande vidogo na kukaangwa mpaka ikauke, nunua ya kutosha, itakufikisha Nairobi na zaidi.

Kuanzia saa tisa alasiri macho yangu huhamia upande wa pili wa barabara. Malori yanapakiwa, mbuzi juu, mbuzi chini, mengi yao yakielekea Kiamaiko, Nairobi. Wauzaji sasa ni wanunuzi. Wanawake wanapima sukari na majani ya chai, mzee anachagua tumbaku kwa kuinusa, kijana aliyetembea usiku mbili ananunua betri za tochi na kutuma pesa kwa simu kwa mtu aliye shuleni mbali. Punda wanafungwa magunia ya unga. Mara nyingi nasimama hapo na daftari langu, nahesabu magunia badala ya mbuzi, kisha naandika idadi yake chini ya tarehe. Wiki hii yalikuwa mengi kuliko wiki iliyopita.