Wenye walienda Bulaya na mawazo ya kwetu: mengi yenye tunasemaka Bukavu si kweli

Nilikaa Liège, kule Ubelgiji, nikaona miezi ya baridi mara nne, na sasa niko tena Bukavu mwaka wa tatu, kwa hiyo nimeshasikia pande zote mbili. Kule nilisikia wenzangu wakilia pole pole mu telefone, hapa nasikia vile tunawasema wenye wako Bulaya wakiwaza kwao, tukikaa jioni, na kwa kweli mengi yenye tunasema si ya kweli. Si roho mbaya, ni kutojua tu, maana mutu mwenye hajaona jua likizama saa kumi na nusu utamwelezea vipi akuelewe?

Nianze na ile inanichekeshaka. "Mutu wa Bukavu baridi itamufanya nini, si alizaliwa mu baridi?" Kweli mji wetu uko juu, kama mita 1,500 hivi kutoka usawa wa bahari, usiku wa mvua kule Muhumba unalala na blanketi mbili, na watu wa Uvira wakipanda huku tunawachekaka vile wanatetemeka. Lakini baridi ya hapa saa nne asubuhi imeshaisha, jua limepiga, pulova umeifunga kiunoni. Na nikuambie siri, Liège yenyewe haina baridi kali vile unafikiri: Desemba mara nyingi iko juu kidogo ya sifuri, ni mvua nyembamba yenye haiishi, theluji inaanguka siku chache tu, na siku hiyo kila mutu anakimbia kupiga foto. Ndizo foto mnaonaka. Wenye wanaweza kusema baridi ni wale wa Montréal, Januari yao wastani ni karibu digrii 10 chini ya sifuri, hao tuwaachie heshima yao. Baridi unaishinda na koti nzuri, soksi mbili na viatu visivyoingiza maji, basi. Mimi koti nilipata wiki ya kwanza, na bado Januari ilipofika nilikuwa nimekwisha.

Kilichonimaliza ni giza.

Hapa tuko digrii mbili na nusu tu kusini ya ikweta, jua linatoka karibu saa kumi na mbili na kuingia karibu saa kumi na mbili, iwe Krismasi, iwe mwezi wa sita, ni kitu yenye hatuiwaziaki hata siku moja. Kule tarehe 21 Desemba jua linatoka karibu saa tatu asubuhi na kabla ya saa kumi na moja limeisha, yaani masaa nane tu, na mengi ya hayo masaa nane ni mawingu ya rangi ya sufuria. Mimi nilikuwa nafanya kazi ya kupanga mizigo mu depo isiyo na dirisha, naingia na giza natoka na giza, jua nalionaka siku ya Mungu nikienda kusali, kama liko. Na wenye wako juu zaidi kuelekea kaskazini, Oslo kwa mfano, wanabaki na masaa sita hivi.

Sasa hii si mambo ya moyo peke yake. Mwanga ukiingia mu macho asubuhi unaambia ubongo kama siku imeanza, usipoingia, saa ya mwili inavurugika na ile homoni ya usingizi, melatonini, inakuja kwa wakati wake mwenyewe. Mwaka 1984 munganga mmoja wa mambo ya akili, Norman Rosenthal, pamoja na wenzake huko Marekani, waliandika juu ya huzuni yenye inakuja na baridi na kuondoka jua likirudi. Na uangalie huyo munganga ametoka wapi: ni mutoto wa Afrika Kusini, alitoka Johannesburg akahamia New York, baridi ya kwanza akaona nguvu zimemuishia, kazi haiendi, halafu jua liliporudi naye akarudi. Mwenye alituelezea ugonjwa wa baridi ya wazungu alikuwa mutu wa jua kama sisi! Nilipojua hiyo nilicheka peke yangu mu bisi.

Kwa hiyo ile dhana kama "anawaza kwao tu, atazoea" ni nusu ya ukweli. Kuwaza kwenu ni kitu ya kawaida, inakuja inaenda, siku ingine wimbo tu wa kwaya unakuangusha na kesho yake unacheka. Lakini mutu mwenye analala masaa kumi na anaamka amechoka, anakula mikate na sukari tu, haoni raha ya kitu chochote, na inapita wiki mbili, huyo si wa kuambiwa "jikaze", huyo apelekwe kwa munganga. Kule wako na lampi zenye mwanga wa luksi 10,000, unakaa karibu nayo kama nusu saa asubuhi ukikunywa chai, wakati taa ya kawaida ya nyumba mara nyingi haifiki hata luksi 500. Mimi sikuwa na feza ya lampi, nilikuwa natoka saa ya mapumziko nazunguka parkingi ya depo nje, wenzangu wananiona kichaa, ila hata mawingu yakiwa yamefunga nje kuna mwanga mwingi kupita ndani na ilinisaidia kabisa.

Na vitamini D tusichanganye. Watu wengi wanasema "kunywa vitamini D mawazo yataisha", hapana, ile ni ya mifupa na misuli kwanza. Ila sisi wa ngozi nyeusi inatuhusu kupita wengine, ngozi yetu inahitaji jua nyingi ndiyo itengeneze ile vitamini, na baridi yote jua la kule liko chini sana. Serikali ya Uingereza kwa mfano inashauri watu wote mikrogramu 10 kwa siku kuanzia vuli mpaka mwisho wa baridi, na wenye ngozi nyeusi waifikirie mwaka mzima. Munganga wangu alinipima damu, akatikisa kichwa.

Haya, ya wanaume. "Mwanaume haliliaki kwao, hiyo ni ya watoto na wanawake." Neno nostaljia lenyewe, lenye tunasemaka kila siku mu Kifaransa chetu, lilibuniwa kama jina la ugonjwa mwaka 1688 na kijana mmoja mwanafunzi wa udaktari kule Basel, Uswisi, Johannes Hofer, aliunganisha maneno mawili ya Kigiriki, kurudi nyumbani na maumivu. Na ugonjwa huo baadaye ulijulikana sana kwa nani? Kwa askari wa Uswisi wenye walikuwa wanapigania wafalme wa nchi zingine. Wanaume wenye bunduki! Hofer alisimulia pia kijana wa Bern mwenye alikuwa anasoma Basel, akakonda, wakaona anakufa, wakaamua kumurudisha kwao, na mgonjwa akaanza kupona njiani kabla hajafika. Na Bern na Basel ni nchi moja leo, ni kama mutu wa Bukavu aumwe juu ya kukaa Goma.

Ile yenye inaniuma kabisa ni hii: "Hapigi tena simu, ameshakuwa muzungu, anajivuna."

Mimi mwenyewe niliitwa hivyo. Yaya wangu, mukubwa wangu wa kuzaliwa, aliniambia waziwazi, "Weye uliisha kutusahau." Sikuwa nimesahau, nilikuwa sina habari ya kusema. Jana depo, leo depo, kesho depo, nje giza, utapiga simu useme nini? Ukisema uko vizuri unadanganya, ukisema uko vibaya mama hatalala. Halafu tuseme ukweli wote, simu nyingi zinaanza na salamu na kuishia na minervali, ile feza ya shule ya watoto, na siku huna kitu aibu inakufunga mukono. Nyuma ya sauti ya mama nilikuwa nasikia motari wakipiga honi, kuku, mutoto wa jirani analia, mutu anabisha mulango bila kualikwa, ukikata simu chumba kinanyamaza mpaka unasikia friji. Kuna wenzangu simu ya kila siku iliwaponya, mimi ilinizidishia, nikabaki na mara moja kwa wiki, siku ya Mungu mchana, na hapo ndipo nilianza kuwa na kitu ya kusema.

Na kuna saa. Bukavu na Ubelgiji ziko na saa ileile wakati wa joto, lakini Jumapili ya mwisho ya mwezi wa kumi wao wanarudisha saa nyuma mpaka mwisho wa mwezi wa tatu, hapo sisi tunawatangulia saa moja, na ni Kinshasa sasa ndiyo inalingana nao. Mama hakukubali kabisa kama serikali inaweza kurudisha saa. Alikuwa ananipigia akitoka misa ya asubuhi, saa moja ya hapa, kwangu ni saa kumi na mbili, giza tupu kama usiku wa manane, nami sauti imekauka. "Uko unaumwa?" Hapana mama, nilikuwa nimelala. "Mutu mwenye analala saa hii ni mugonjwa, unanificha." Akaenda kunitaja mu kikundi cha maombi, nikaombewa Kadutu nzima kwa ugonjwa wa kulala.

"Anawaza nini ku inchi ya vita, si amekimbia mateso?" Hii nayo naisikia sana. Tarehe 17 Januari 2002 volkano ya Nyiragongo ilimwaga moto mpaka katikati ya Goma, watu wakakimbia, na siku chache baadaye wengi walikuwa wameisharudi, mawe bado yana moto chini ya viatu, hakuna mutu aliwabeba. Mutu hapendi kwao juu kuna amani, anapenda juu ni kwao. Na vita ilipoingia Goma mwisho wa Januari 2025, halafu ikafika Bukavu Februari, ilikuwa kule Bulaya katikati ya ile miezi mibaya ya giza. Sisemi waliteseka kupita sisi wenye tulikuwa hapa tumelala chini ya vitanda, la. Lakini sisi tulikuwa tunajua jirani gani ameamka, wao walikuwa na telefone tu na video zenye hazijulikani ni za lini. Mutoto wa mujomba wangu, yuko Liège mpaka leo, anasema wiki ile alienda kazini kila siku na hakuna mutu hata mmoja alimuuliza kitu.

Ya chakula nitapita haraka. "Si kuna Matonge ya Bruxelles, ule mtaa wa Waafrika, sombe (majani ya muhogo) iko, makayabu (samaki ya chumvi) iko, analia nini?" Iko, kweli, sombe ya friza, na unga wa muhogo, na bei yake. Inasaidia jioni moja. Kitu yenye haiuzwi ni harufu: mu baridi vitu vinatoa harufu kidogo, hewa inakuwa kama haina kitu ndani, na mutu mwenye alikulia mu moshi wa makala na samaki za kukaanga anajisikia kama pua yake imekufa. Mimi nilikuwa nawaza sambaza, zile samaki ndogo za ziwa letu, mpaka naota. Na sambaza yenyewe, kama hukujua, si mwenyeji wa Kivu, ililetwa kutoka ziwa Tanganyika mwisho wa miaka ya 1950, ni mgeni mwenye alizoea. Nilikuwa najipa moyo na hiyo.

Pombe nayo, "chukua kikombe kimoja upate joto". Inafungua mishipa ya ngozi, unasikia joto, kumbe joto la ndani ndilo linatoka. Tena usingizi wake ni mubaya. Nimewaona wenye walianza na kikombe kimoja Novemba.

Ya mwisho ni ya kwangu mwenyewe, niliiamini miaka minne: "Nikirudi itaisha." Nilirudi. Wiki tatu za kwanza nilikuwa kama mufalme, nilikuwa natoka nje asubuhi nasimama tu mu jua. Halafu nikaanza kuwaza bisi yenye inakuja kwa dakika yake, na muzee mmoja wa Liège mwenye alikuwa ananisalimia kila asubuhi bila kujua jina langu, na ule ukimya wa theluji usiku, niamini ama usiniamini. Na Bukavu yenye nilikuwa nawaza haikuwa pale tena, duka la pembeni limefungwa, marafiki wawili wamehamia Kampala, mama amepunguka.

Juzi yule mutoto wa mujomba alipiga simu. Desemba, hapa mvua inanyesha matope mpaka magoti. Habari? Nzuri. Kazi? Iko. Watoto? Wako. Nikaona tunaenda kukata. Nikamuuliza, "Leo jua limetoka saa ngapi kule?" Akacheka. Halafu akanyamaza kidogo, akasema, "Yaya, halikutoka." Tukakaa ku simu saa nzima na dakika kumi, mpaka inite za simu yake zikaisha, nikamurudia mimi.