Mtoto njiti na uvimbe wa ini

Mama akiambiwa mtoto wake wa mwaka mmoja ana saratani ya ini, swali la kwanza huwa "nilimlisha nini jamani?" maana ini tumezoea kulihusisha na walevi. Hii ni nyingine kabisa. Inaitwa hepatoblastoma, inatokana na seli za ini ambazo hazijakomaa, ndio maana wengi inawatokea kabla hawajafika miaka 3. Ni nadra mno, kama mtoto mmoja au wawili kwa kila watoto milioni 1 kwa mwaka.

Uzazi unaingiaje hapo? Miaka ya 1990 madaktari wa Japani walikuwa wanapitia rejista yao ya saratani za watoto, wakaona waliozaliwa wadogo sana wanajitokeza kupita kiasi kwenye ugonjwa huu, na tafiti za Marekani zikaja kuona hivyohivyo. Naongelea chini ya kilo 1 na nusu, sio yule wa kilo 2 na nusu ambaye majirani wanamwita kadogo. Zamani njiti wa gramu 900 alikuwa haponi, siku hizi anapona, kwahiyo ugonjwa nao umepata wa kuwaingia. Na hata kwa hao wadogo kabisa, wengi mno hawaupati, kwahiyo msianze kukataa oksijeni na matibabu mengine ya njiti wodini kwa kuuogopa.

Kundi lingine ni wenye hali ya Beckwith-Wiedemann: mtoto anazaliwa mkubwa, ulimi mnene unatokeza nje, pengine mguu mmoja umeuzidi mwenzake. Hao wanapigwa utrasaundi ya tumbo kila miezi 3 na kupimwa damu kipimo cha AFP, protini inayopanda uvimbe huu ukiwepo (kwa kichanga yeyote iko juu kiasili, msishtuke na namba kabla daktari hajaangalia umri).

Nyumbani je? Ukiwa unamuogesha, akiwa ametulia, pitisha vidole chini ya mbavu za kulia. Tumbo la kushiba linabonyea. Ukikuta kitu kigumu kama kiazi, halafu mtoto hali vizuri, usimnunulie dawa ya minyoo kwa mara ya tatu, minyoo haikai hivyo! Mpeleke akapigwe utrasaundi. Dawa ya saratani iitwayo sisplatini pamoja na upasuaji vinaponya wengi, hasa uvimbe ukiwahiwa.

Na ubebe kadi ya kliniki, ile yenye uzito wa kuzaliwa, hata kama imechanika.